Mkuu wa Krismasi Alikuwa Mwislamu

Mliniaga vizuri, sina malalamiko. Keki ilikuwa kubwa, hotuba zilikuwa fupi, na jina langu juu ya ile keki lilikosewa kama lilivyokosewa kwenye kila kitu tangu siku ya kwanza. Mimi ni Bakari. Wamarekani walisikia Baker, yaani mwoka mikate, na kwa miaka yote niliyofanya kazi katika ile nyumba ya wazee ya Columbia Heights, nje kidogo ya Minneapolis, nimekuwa Baker kwenye kitambulisho, Baker kwenye ratiba ya zamu, na Baker mdomoni mwa mameneja waliopita kama mabasi. Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana mnaobaki mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Habari za vyeo sitaandika kwa sababu ni chache, na za mshahara sitaandika kwa sababu zinatia huruma. Nitaandika kuhusu Krismasi.

Ndiyo, Krismasi. Mimi, mtoto wa Tanga, niliyesomeshwa Qurani kwa bakora, ndiye niliyekuwa mkuu wa Krismasi pale kwetu katika miaka yote ya tisini. Sababu yake haina siri. Wakristo wote kazini walitaka likizo ya Desemba. Wakenya waliitaka, Watanzania wenzangu wa Moshi na Bukoba waliitaka, Wamarekani walikuwa wameshaiomba tangu Pasaka. Meneja akaangaza macho chumba kizima, akamwona mtu mmoja ambaye kwake tarehe ishirini na tano ni siku ya kufua nguo. Nikapewa heshima hiyo papo hapo, bila hata kupigiwa makofi.

Nilianza kazi wiki ya ile theluji kubwa ya mwisho wa Oktoba mwaka wa tisini na moja, iliyoanguka watoto walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Basi halikuja, nikatembea barabara ya Central na viatu vya ngozi ambavyo shangazi yangu alininunulia nilipohitimu. Nilikuwa na shahada ya historia. Ilinisaidia sana: nilikabidhiwa kipaza sauti cha kutangazia namba za bingo.

Aliyenipokea ni Bi Marlene, mratibu wa shughuli za wazee, mjukuu wa wakulima wa Kijerumani, mwanamke mrefu aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu. Alitazama viatu vyangu, akatazama dimbwi nililolileta sakafuni, akanipa dekio. Nilipomaliza kupiga deki akanipeleka stoo. Huko maboksi ya Krismasi yalikuwa yamepangwa kwa mataifa: Ujerumani, Norwei, Uswidi, Polandi, na boksi moja lililoandikwa "Wengine", ambamo walikuwamo Mfini, Mwitalia na, nadhani, mimi.

"Wewe ni wa dini gani?" aliniuliza.

Nikamwambia. Alifikiri kidogo.

"Vizuri sana," akasema. "Hutakuwa na upendeleo."

Yote mnayosifiwa leo, mliyojifunza kwangu, mimi niliyajifunza kwake. Alinifundisha kukagua betri za kila taa kabla wazee hawajakaa, kwa sababu mzee akishakaa hasubiri betri. Alinifundisha kubandika nyaya sakafuni kwa utepe wa gundi ili fimbo zisinase. Alinikataza kuwasha mshumaa wa aina yoyote ndani ya jengo, kwa kuwa nusu ya wakazi walikuwa wakipumua kwa mitungi ya oksijeni, na Ulaya nzima, ukiiondolea sukari, Krismasi yake ni moto. Na alinifundisha jambo moja ambalo sikulisoma chuoni: "Usimuulize mzee anataka nini. Atakujibu hataki kitu, asije akakusumbua. Muulize mama yake alifanya nini siku hiyo."

Desemba ya kwanza nilisoma somo la viatu. Wajerumani huweka kiatu nje ya mlango jioni ya tarehe tano, na asubuhi wanakuta Mtakatifu Nikolasi ameacha chungwa na njugu ndani yake. Kwa faida yenu: andikeni jina ndani ya kila kiatu kabla ya kukigusa, na njugu mzibadilishe na peremende laini, maana meno ya wazee huwa yamelala kwenye glasi. Historia yake niliipenda zaidi. Nikolasi alikuwa askofu wa Mira, mji ulio katika nchi tunayoiita sasa Uturuki. Kwa hiyo yule babu mnene wa madukani mwenye mashavu mekundu ni mtu wa Uturuki aliyebadilishwa sura njiani. Nilipomweleza hivyo mzee mmoja wa Kijerumani, alikinyanyua kiatu chake akakitazama upya, kama mtu aliyeuziwa mali ya wizi.

Tulikuwa pia na Mholanzi, mtu mwema kabisa. Alinieleza kwamba kwao Nikolasi hufuatana na mtumishi mwenye uso mweusi. Watu wanabishana, alisema, wengine wanadai ni masizi ya dohani na wengine wanadai ni Mwafrika. Kisha akanitazama kwa furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi, akasema mimi nisingehitaji kupakwa chochote. Nilimshukuru kwa kunifikiria. Mwaka huo Nikolasi wa Uholanzi alikuja peke yake.

Wanorwei walikuwa na samaki wao. Ni chewa aliyekaushwa mpaka akawa ubao, akalowekwa kwenye magadi makali kwa siku kadhaa, halafu akalowekwa tena kwenye maji safi ili magadi yamtoke asije kuua mtu. Kinachobaki sahanini hutikisika chenyewe. Kwetu magadi tunayatia kwenye maharage ili yaive upesi, na tunayatia kidogo, tena kwa aibu. Asili yake wanaisimulia hivi: maharamia walichoma ghala la samaki, mvua ikanyesha juu ya majivu, na watu wenye njaa wakafukua wakala. Kila taifa lina msiba wake. Hawa wameumwagia siagi wakauita sikukuu. Fungueni madirisha mapema, hata kama nje ni baridi ya kukata masikio.

Aliyenipa somo kubwa ni Bi Zofia, Mpolandi wa chumba cha mwisho. Mkesha wa Krismasi familia yake ilikuja ikatandika meza, nyasi kavu chini ya kitambaa kwa kumbukumbu ya hori la ng'ombe, na sahani moja ya ziada mbele ya kiti kitupu. Nilipita na toroli yangu ya juisi, nikauliza kiti ni cha nani. Bi Zofia akasema ni cha mgeni yeyote atakayebisha hodi. Sasa mimi nimelelewa Tanga. Mtu akikuambia kiti ni cha mgeni, na wewe ndiye mgeni, ukipita umemtukana. Nikanawa mikono, nikaketi.

Watu wote mezani walinigeukia. Baadaye mwanawe alinieleza kwamba wameiweka ile sahani maisha yao yote na hakuna mtu aliyewahi kuja. Mgeni husubiriwa tu, hakuna anayetazamia afike. Bi Zofia ndiye aliyezinduka wa kwanza. Akanivunjia kipande cha ule mkate wao mwembamba, akanitakia afya, akanijazia supu nyekundu ya bitiruti, na kuniambia nisiwe na wasiwasi, mkesha huo hawali nyama. Katika Desemba zote nilizofanya kazi, hiyo ndiyo meza pekee niliyokula bila kuuliza maswali.

Bi Marlene alistaafu katikati ya miaka hiyo. Aliniachia ufunguo wa stoo na hakutaka keki. Nililia kidogo, na yeye akajifanya anatafuta miwani, ambayo ilikuwa shingoni kwake kama kawaida. Kuanzia hapo mataifa yote ya Ulaya yakawa chini yangu, jambo ambalo historia ilikuwa haijawahi kumruhusu mtu wa Tanga.

Hapo ndipo walipoingia Arvid na mkewe Signe. Walikuwa Waswidi waliovuka bahari wangali vijana wakakutana huku. Arvid alikuwa seremala, na ukimsikiliza, makabati yote ya jikoni ya upande wa kaskazini wa Minneapolis ni kazi ya mikono yake. Kiharusi kidogo kilimwachia miguu lakini kikamnyang'anya maneno, si yote, ila yale anayoyahitaji. Signe yeye alikuwa akipoteza kumbukumbu. Walikaa chumba kimoja, na kila siku Arvid alimsukuma mkewe kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka dirisha la ukumbini, wakatazama magari yakiegeshwa.

Mwanzoni Signe alimdhani Arvid ni fundi wa hita. Kila asubuhi alimuuliza kama imepona, na Arvid alimjibu kwamba hita iko sawa. Nilimuuliza kwa nini hamsahihishi. Akainua mabega, akasema hita kweli iko sawa. Kufika vuli ya mwaka wa tisini na nane hata fundi wa hita alikuwa amesahaulika. Signe akanyamaza kabisa, na Arvid akaendelea kumsukuma mpaka dirishani.

Binti yao Karin alikuwa akiishi Plymouth, upande wa pili wa jiji. Alikuwa mwalimu wa shule, mwanamke aliyechoka, na kila siku aliendesha gari kwenye theluji kuja kwetu na kurudi. Sitaki mumwone mbaya. Karibu na kwake palikuwa na nyumba ya watu waliopoteza kumbukumbu, nzuri, yenye bustani ya ndani, na nafasi ya kitanda kimoja ilikuwa imepatikana. Alitaka kumhamishia mama yake huko. Arvid asingeweza kwenda naye, kwa sababu palikuwa mahali pa waliosahau tu, na Arvid kwa bahati mbaya alikuwa anakumbuka kila kitu. Gari alikuwa ameshakatazwa kuendesha. Kikao cha kuamua kilipangwa siku ya pili baada ya sikukuu ya Lusia, na meneja, aliyependa mambo yaende haraka, alikuwa ameshaandika jaladani mapema: mkazi hamtambui mume wake, kuhama hakutamwathiri.

Niliwakuta dirishani siku Karin alipomwambia baba yake.

"Baba, hakujui tena," alisema, akimshika bega. "Nimejaribu kila njia."

Arvid alitengeneza blanketi magotini pa mkewe.

"Mwaka wa kwanza wa ndoa pia hakunijua," akasema. "Tulivumilia."

Kisha Karin akaenda kwenye gari lake, na Arvid akanigeukia mimi.

Lazima niwaeleze kwanza habari ya Lusia. Alikuwa msichana wa Sisilia, kisiwa ambacho kiko karibu na Afrika kuliko na Stokholm, na aliuawa kwa ajili ya imani yake. Jina lake linatokana na neno la Kilatini la nuru. Sikukuu yake ni tarehe kumi na tatu Desemba, na katika kalenda ya zamani siku hiyo iliangukia penye giza refu kuliko yote ya mwaka, kwa hiyo Waswidi, ambao hawakuwahi kuona mti wa ndimu, walimchukua mtoto wa watu wakamvika mishumaa kichwani. Asubuhi hiyo msichana mwenye kanzu nyeupe hupita akiimba na kugawa mikate iliyopindwa kama herufi S, ambayo huitwa paka wa Lusia. Wengine husema paka huyo ni shetani, na rangi ya mkate hung'aa ili kumfukuza. Mimi sikuwahi kuona shetani wala paka, lakini mikate niliiona vizuri.

"Signe alikuwa anaoka," Arvid aliniambia. "Kila mwaka. Hakuruhusu mtu jikoni. Sasa oka wewe. Wewe ni Baker."

Nikamweleza, si kwa mara ya kwanza, kwamba Baker si kazi yangu bali ni masikio yao. Hakuelewa, au alielewa akaona si hoja. Alitaka mkewe aonje ile mikate kabla ya kikao. Hakusema anategemea nini, wala sikumuuliza, kwa sababu ilikuwa wazi usoni kwake na ilinitia uchungu.

Mapishi hayakuandikwa popote. Alinitajia kwa vidole: unga, siagi, maziwa, hamira, sukari, zabibu kavu mbili za macho. Halafu akakwama.

"Na ile," akasema, akisugua kidole gumba na cha shahada. "Ile. Ile njano."

"Ya unga?" nikamuuliza.

"Ya unga, ndiyo."

"Inatoka mbali?"

"Mbali sana!"

"Njano hasa?"

"Njano! Njano kabisa!" Alifurahi mno mpaka akanipiga mgongoni.

Sasa nisikilizeni kabla hamjacheka. Kwa Kiingereza chake ile ilikuwa rangi tu, maskini, neno lililobaki baada ya jingine kumponyoka. Lakini kichwani mwangu ilitua kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili manjano ni rangi na ni kitu kilicho kwenye kopo jikoni. Mtu akikuagiza manjano dukani haombi rangi ya kupaka ukuta. Nikaenda duka la Mhindi hapo hapo barabara ya Central, nikanunua manjano safi kabisa, na nikayatia kwenye ule unga kwa mkono uleule ninaotilia mchuzi wa samaki. Mikate ilitoka tanurini inawaka. Shetani angeiona kutoka Saint Paul. Ningeweza kuonja. Lakini mtu mwenye uhakika haonji.

Asubuhi ya Lusia msichana wa kanisani aliyekuwa avae taji hakuja, barabara zilikuwa zimeganda. Nikamtafuta Njeri. Wengine wenu mnamfahamu kama mkuu wa wauguzi. Siku hizo alikuwa msaidizi wa wagonjwa, mwepesi wa miguu na wa mdomo, kutoka Nyeri. Nilimvika shuka jeupe na taji la plastiki la balbu.

"Mzee Bakari, hii crown ina-slip," alilalamika. "Na betri zime-die upande mmoja. Nakaa kama gari imegongwa."

"Simama wima, dada Njeri. Wewe sasa ni mtakatifu."

"Mtakatifu gani anaanza shift ingine saa tisa?"

Niliweka kaseti, Njeri akaingia ukumbini taratibu, sinia mkononi, nusu ya kichwa chake ikiwaka. Wazee wa Kiswidi waliimba. Bi Zofia naye aliimba, ingawa wimbo haukuwa wake. Karin alikuwa amekaa kushoto kwa mama yake, Arvid kulia, na meneja alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Signe alikuwa na ruhusa ya kula mkate laini bila zabibu. Haya yaulizeni kwa muuguzi kabla, msije mkaua mtu kwa sikukuu. Arvid akachopoa macho ya yule paka kwa ukucha, akamkatia mkewe kipande.

Signe aliuma. Alitafuna mara moja, akaacha. Uso wote ukakunjamana. Akatema kwenye sahani, akageuka kulia, akamtazama mumewe, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Arvid!"

Halafu yakafuata maneno mengi ya Kiswidi.

Karin alikuwa ameziba mdomo. Nilimuuliza mama yake anasema nini.

"Anauliza," alisema, "anauliza nani alimruhusu Baba aguse unga wake."

Arvid alijibu. Kiingereza kilikuwa kimemponyoka, lakini maneno ya kugombezwa na mkewe yalikuwa yote mahali pake. Walijibizana, yule bibi akigonga mkono wa kiti, yule mzee akijitetea huku machozi yanamtiririka na anacheka. Mwisho akanyoosha kidole akanionyesha mimi. Signe alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema jambo fupi. Karin alikataa kunitafsiria, na mpaka leo sijui niliitwa nani. Kisha yule bibi akachoka, akageuza uso dirishani, akanyamaza tena.

Njeri alikuwa ameonja kipande pembeni.

"Haki, Mzee Bakari, umeweka curry kwa mkate ya Krismasi?"

"Nimeweka manjano. Nimeambiwa manjano."

"Ni zafarani," alisema Karin, akifuta macho. Alilitaja kwa Kiingereza, lakini ni jina lilelile, wote tumelichukua kwa Waarabu, na nyumbani kwetu bibi yangu alikuwa akiifungia kabatini pamoja na dhahabu yake. Sikiri kosa. Mtu akiniomba njano nitampa manjano, na aliyepoteza neno ni yeye.

Siku ya pili kikao kilikaa. Meneja alisema kwamba kweli kulikuwa na mwitikio fulani kwa chakula, lakini mwitikio kwa chakula si kumtambua mtu. Alikuwa mtu wa maneno kama hayo. Karin alimsikiliza mpaka mwisho.

"Amemgombeza," alisema. "Mama yangu ni Mswidi. Hagombezi mtu asiyemjua."

Akachukua lile jalada, akakata ule mstari kwa kalamu yake mwenyewe, na kitanda cha Plymouth akapewa mtu mwingine. Niliondoka pale kikaoni nikiwa nimevimba kichwa, kana kwamba nilikuwa nimepanga kila kitu.

Lakini sikukuu hupita, na mwaka ni mrefu. Signe hakulitaja tena jina la Arvid. Miezi ilikwenda, theluji ikayeyuka, mbu wakaja, majani yakapukutika, na yule mzee alikaa kwenye kiti cha kulia akisafisha koo kila mkewe alipogeuza shingo, akijiweka tayari kuitwa. Niliumia kumtazama. Wakati mwingine nilipita na toroli njia ya nyuma ili nisimwone.

Desemba iliyofuata ilikuwa ile ambayo Wamarekani walinunua maji na mishumaa wakisubiri kompyuta zote za dunia zizimike mwaka elfu mbili ukiingia. Ramadhani ilikuwa imeangukia mwezi huohuo. Nikawa nimefunga, nina njaa, na nazungukwa na biskuti za mataifa saba. Safari hii sikutaka mchezo. Nilinunua zafarani yenyewe, nikailoweka kwenye maziwa ya vuguvugu kama bibi alivyokuwa akifanya, nikakanda, nikapinda, nikaoka bila kuonja, kwa kuwa mwaka ambao ningeweza kuonja sikuonja, na mwaka niliotaka kuonja nilikuwa na swaumu.

Ilikuwa mizuri. Nilijua kwa harufu. Karin alifumba macho alipouma wa kwake.

"Hii ndiyo ya Mama," alisema. "Hasa hii."

Wazee wote walinisifu. Meneja mpya, wa tatu au wa nne, alinisifu. Signe alikula kipande cha kwanza polepole, akala cha pili, akamwachia Karin amfute midomo. Alionekana ameridhika, na hakusema kitu. Hakumtazama mtu. Arvid alimkatia kipande cha tatu, na hicho nacho kikaliwa kwa adabu.

Nilipokuja kukusanya sahani, alinishika mkono wa shati.

"Kesho," akasema, "oka ile mibaya."

Nilimweleza kwamba huenda isisaidie. Nilimweleza kwamba mwaka mzima umepita, kwamba ugonjwa huu haurudi nyuma, kwamba yeye mwenyewe anaweza kuumia zaidi. Nilisema yote tunayofundishwa kusema. Aliniacha nimalize.

"Oka," akasema.

Nikaoka. Jiko lote lilinuka mchuzi wa samaki na tumbo langu lililofunga lilinitukana. Asubuhi hiyo hapakuwa na taji wala kaseti. Tulikuwa wanne tu dirishani: Signe, Arvid, Karin aliyeomba ruhusa shuleni, na mimi na sahani. Nje mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Arvid alimlisha kwa mkono wake. Signe alitafuna, akaacha. Uso ukakunjamana vilevile kama mwaka uliopita, na sote tukasogea. Mimi nilimnyooshea kitambaa cha karatasi, Karin akamwekea kisosi chini ya kidevu. Signe akavisukuma vyote viwili kando. Akatafuta mkono wa Arvid juu ya blanketi, akaukunjua vidole, akatema ndani ya kiganja chake, kisha akarudi kutazama magari.

Tulisubiri. Hakulitaja jina.

"Hakusema kitu, Baba," Karin alisema kwa upole.

"Amenigombeza," alijibu Arvid, akafumba kile kiganja, na kitambaa nilichomnyooshea yeye sasa hakukipokea.